Bibi Lubaba na Shimo la Chokaa

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa kando ya mto Furati aliishi mja mwema aitwaye Bibi Lubaba, kipofu tangu utotoni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanawake waliopofuka kutembea kwa fimbo: kuujua upande kwa joto la jua shavuni, na kuijua njia kwa sauti na harufu zake.

Akaletewa Sukaina, mjane aliyepofushwa na ndui, ambaye kwa miaka miwili hakuvuka kizingiti cha mlango wake kwa hofu. Bibi Lubaba alimfundisha kwa subira, ukumbini kwanza, kisha uani, hata asubuhi moja wakatoka pamoja kwenda msikitini. Njia ilipita karibu na shimo la kuchomea chokaa, na Sukaina akawa anapapasa kila jiwe kwa fimbo kabla ya kukanyaga.

Walipofika katikati ikavuma tufani ya vumbi. Jua likapotea mashavuni, sauti zote zikamezwa na upepo. Bibi Lubaba akageuka huku na huku, kisha akasimama.

"Bibi, unaijua njia?" Sukaina akauliza, akimng'ang'ania mkono.

Miaka thelathini watu walikuwa wakimwamini Bibi Lubaba, na mdomo wake ulikwisha kufunguka aseme, "Naijua, nifuate." Akamcha Mola wake.

"Wallahi siijui, mwanangu. Nimepotea, nami naogopa kama wewe."

Sukaina akapiga ukelele, akataka kukimbia.

"Usinyanyue mguu!" Bibi akamzuia. "Tuketi hapa hapa, tumdhukuru Allah mpaka upepo utulie."

Wakaketi, vumbi likiwajaa vinywani. Bibi akainyoosha fimbo mbele; haikugusa kitu. Akaishusha, haikugusa kitu. Fukuto la moto likampiga usoni.

"Shimo liko mbele yetu," akanong'ona. Wakajiburura nyuma, kidogo kidogo, machozi yakiwatoka.

Upepo ulipotulia, Sukaina ndiye aliyeinua uso. "Bibi, jua li shavuni mwangu kulia. Na kinu cha maji kilicho karibu na msikiti nakisikia kule."

Akatangulia yeye, mwalimu wake akimshika bega, wakafika salama.

Siku nyingi baadaye Bibi Lubaba aliulizwa ni nini kilichomtisha zaidi siku ile. Akasema, "Si shimo. Ni neno 'naijua', lililokuwa limefika kwenye ncha ya ulimi wangu."

Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu wanaofuatwa na watu, na njia hawaijui? Mola atujaalie ulimi usioona haya kukiri.