Mchi wa Nne

Sogeeni karibu, mtu asiupe mlango mgongo.

Zimwi liliwafungia pangoni Bi Zamda na wasichana watatu, likawapa kinu kimoja na michi minne. "Twangeni. Michi ikigongana mara tatu, nawala."

Walianza kwa woga, kila mtu na lake, ikagongana. Wakagombania nani aongoze; ikagongana tena, zimwi likaja kuwanusa. Ndipo Bi Zamda akaimba polepole, "Wewe, kisha wewe," hadi michi ikapokezana yenyewe.

Akanyamaza, akaweka mchi wake chini, akaenda kusukuma jiwe la mlangoni. Wasichana hawakukosea. Lakini mapigo yalibaki manne. Zimwi lilikuwa limeuokota ule mchi, linatwanga huku limefumba macho, limelewa mdundo. Akawatoa mmoja mmoja, waliobaki wakiziba pengo.

Bado linatwanga peke yake, likingoja kuambiwa, "Kisha wewe." Wanangu, maneno hayo msiyatamke gizani.