Wekundu wa Mshubiri

Wapo wanaosema mshubiri huwa mwekundu wakati wa kiangazi kwa sababu umeunguzwa na jua. Hao waacheni wabahatishe. Zamani zile mshubiri ulikuwa kijani mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe, na kijani hicho ndicho kilichotaka kuumaliza.

Katika nchi kavu ya Kitui aliishi Kavata, mama aliyejua dawa za majeraha. Mwaka mmoja mvua iligoma kabisa. Watu wakaikata mishubiri ovyo: huyu kajikwaa kidole, yule anamwachisha mtoto ziwa na anatafuta kitu kichungu cha kupaka. Kila aliyeuona umenawiri alidhani una maji tele, kumbe ulikuwa unajikamua. Ikafa mmoja mmoja, ukabaki ule wa nyuma ya nyumba ya Kavata, nao ulikuwa na majani matatu tu.

Hapo ndipo binti yake, Ndunge, alipojimwagia uji wa moto begani. Kidonda kile kilitaka majani yote matatu, na Kavata alijua kwamba akiyakata, mzizi utakufa na hakuna mtu atakayepata dawa tena. Siku tatu alijizuia, akiosha kidonda kwa maji na kulia. Siku ya nne akachukua kisu.

“Mama Ndunge,” mshubiri ukamwambia, “mbona wewe siku hizi hakuna anayekuja kukuomba kitu?”

“Wakiona macho yangu yalivyo mekundu, wananipa pole na kwenda zao.”

“Mimi nimechoka kuliko wewe, lakini kwa kijani hiki nani ataniamini? Nigawie wekundu wako.”

Kavata akainama, akayafuta machozi yake kwa majani yale, moja baada ya jingine, na wekundu ukaenea kutoka nchani hadi shinani. Kisha akaomba radhi, akakata jani moja la nje. Liliponya nusu ya kidonda. Nusu nyingine ilichelewa, ikaacha kovu, na kovu hilo lilimuuma Kavata kila alipomwogesha mwanawe.

Majirani walikuja na visu, wakauona mshubiri, wakasema, “Pole,” wakarudi makwao. Mvua iliponyesha ukawa kijani tena, ukatoa vichipukizi, na Ndunge mwenyewe ndiye aliyepeleka kimoja katika kila nyumba.

Na tangu siku hiyo mshubiri hubeba rangi zote mbili ndani yake, na ni wenyewe unaojua saa ya kutoa ipi. Jua likiubana hutoa wekundu. Ukishiba maji huurudisha ndani ukautunza. Ukiukuta mwekundu njiani, rudisha kisu alani useme pole. Kina mama wa huko husema hivyo mpaka leo. Ukiwauliza wanampa nani pole, wengine hujibu mshubiri, wengine hujibu Kavata.