Pimbi Aliyesafiri kwa Salamu za Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuazimana chumvi, Pimbi aliishi na mkewe na watoto wake kwenye kilima cha mawe. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi. Majirani zake wakubwa, Tembo na Nyati, waliitaka chemchemi hiyo wapate pa kuogea, na walikwisha kumwambia Pimbi aanze kufungasha vyombo.

Siku moja pembe ikalia, puu! puu! Mfalme Simba atakata shauri hilo mji mkuu mwezi ukiandama, na asiyefika amepoteza haki yake.

Sasa, mji mkuu ulikuwa mbali, na ghali pia. Kule hata kivuli cha kujinyoosha hulipiwa. Tembo na Nyati, mabahili wawili wenye matumbo kama maghala, wakaunda kamati ya kubana matumizi ya safari. Kamati ikakaa kikao. Kikao kikahitaji chakula, wakayala masurufu, nyafu nyafu, kisha wakaahirisha mpaka yapatikane mengine. Pimbi alipoomba wafuatane, Nyati alicheka hadi kamasi zikamtoka. Akamuuliza atalala wapi na atakula nini, maana mji mkuu haukujengwa kwa ajili ya vitu vya kukanyagwa.

Pimbi aliumia. Ghalani kwake hamkuwa na kitu, na kila akiwatazama watoto moyo ulimsinyaa. Lakini alilijua jambo moja kuhusu wakubwa: kisichowagharimu hukigawa bila kuhesabu.

Asubuhi akapiga hodi kwa Tembo.

"Shikamoo, mzee. Mimi natangulia. Huna salamu kwa shemeji yako aliyeko mji mkuu?"

"Marahaba. Mpe salamu nyingi," Tembo akasema, mdomo umejaa.

"Na akiuliza anipokee vipi?"

"Mwambie akupokee kama ambavyo angenipokea mimi."

Maneno ya mdomoni tu hayo, hata mimi na nyinyi huyasema. Pimbi akayashika kama yalivyo. Akapita kwa Nyati, ambaye alikuwa na binamu huko huko, naye akasema vivyo hivyo ili mgeni amwondokee haraka.

Pimbi akashika njia, tiki tiki tiki, akila majani ya kando. Alipofika mji mkuu alikwenda moja kwa moja kwa shemeji wa Tembo, akafikisha salamu neno kwa neno. Shemeji alimtazama kiumbe aliyemfika ukuchani, akaguna, lakini agizo la mkubwa ni agizo. Pimbi akaletewa uji kwenye beseni, ndizi mkungu mzima, na chumba ambacho akikohoa sauti inamrudia. Alichoshindwa kumaliza alikifunga furushi, akaeleza kwa upole kwamba Tembo huwa habakishi. Ghala la shemeji lilipobaki vumbi, akaaga, akahamia kwa binamu wa Nyati, na huko nako akala kinyati.

Mwezi ukaandama. Simba akawaita wenye shauri, akasimama Pimbi peke yake, kashiba, kaoga, anang'aa.

"Wenzako wako wapi?"

"Wako kikaoni, Mtukufu. Wanabana matumizi."

Baraza zima likaangua kicheko, na kilima na chemchemi yake vikawa vya Pimbi na kizazi chake.

Kesho yake ndipo wakubwa walipowasili, mbavu nje, kwa kuwa kamati ilikula kila kitu na safari ikabaki bila chochote. Tembo akagonga kwa shemeji, ngo ngo ngo. Shemeji akachungulia dirishani, mlango hakuufungua.

"Tembo amekwisha kula hapa, na cha njiani kabeba," akasema. "Wewe mwingine sijui umetoka wapi."

Kwa binamu wa Nyati mambo yakawa yale yale. Wakalala nje ya lango, matumbo yakinguruma.

Kulipokucha, Pimbi akawapita akirudi nyumbani, anaburuta furushi kubwa kuliko yeye. Akasimama kwa adabu zake zote.

"Shikamooni, wazee. Mimi natangulia. Hamna salamu za nyumbani?"

Wakubwa wakatazamana, wakafumba midomo, na hata marahaba hawakuitikia.

Basi, wanangu, ukimdharau mdogo na kumpa maneno usiyoyamaanisha, jiandae kuyalipa kwa tumbo lako.