Shubiri Moja na Nusu ya Nakiete

Haya, sogeeni. Leo sina hadithi ya kuchekesha, nina hesabu za sehemu. Na wewe unayeanza kukunja uso, tulia, maana aliyeonewa humu ni yule aliyesema hesabu si zake.

Huko milima ya Upare walikuwapo watu watatu, mashamba yao ya tangawizi yamefuatana kwenye mteremko mmoja. Nakiete, mwanamke pekee kati yao, alikuwa na jicho la maji. Akiutazama mlima tu anakuambia chemchemi iko wapi. Jirani yake, Mbonea, alikuwa na mikono ya kujenga, ukuta wake hauvuji. Elisante, mdogo wake Nakiete, tumbo moja, ziwa moja, alikuwa na kichwa cha hesabu.

Mwaka ule mvua zilikuwa za kubahatisha. Nakiete akapanda mlimani, akarudi miguu imechanika. "Chemchemi nimeiona," akasema. Bila yeye wasingepata hata tone.

Mbonea akachimba ndiva, lile bwawa la kukusanya maji kabla ya kuyafungulia mashambani. Akalijengea mawe na udongo mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Bila yeye maji yangeishia majanini.

Elisante akasimamisha fimbo yenye alama za shubiri za mkono katikati ya bwawa, akakaa kando na saa yake siku nzima. "Kwa saa nne na nusu maji yanafika shubiri nne na nusu," akasema. "Hapo tuyafunge. Yakizidi, ukuta unakwenda." Wakafanya hivyo, na ukuta haukwenda. Bila yeye kazi yote ingesombwa siku ya kwanza.

Ikabaki kugawana. Elisante akasema, "Shubiri nne na nusu kwa watu watatu, kila mmoja moja na nusu. Sawa kwa sawa."

"Hesabu si zangu," Nakiete akacheka. "Mungu akuweke, mdogo wangu."

Desturi ya kule ni kwamba shamba la juu hunywa kwanza. La juu lilikuwa la Elisante. Akafungulia mpaka fimbo ikaonyesha shubiri tatu. Akafuata Mbonea, mpaka ikabaki moja na nusu. Nakiete, wa chini kabisa, akachukua iliyobaki. Wakaendelea hivyo bwawa baada ya bwawa.

Tangawizi ya Elisante ikashamiri. Ya Mbonea ikawa ya wastani. Ya Nakiete ikageuka njano, ikalala. Masikini akabeba samadi kichwani, akapalilia, akaomba. Elisante akapita, akatikisa kichwa. "Pole, dada. Udongo wako umechoka." Maneno hayo aliyasema akimtazama machoni, mnasikia?

Siku moja Elisante alikwenda harusini, Nakiete akalinda bwawa peke yake, kaachiwa ile saa. Maji yakafika shubiri moja na nusu kwa nusu saa tu. Akashangaa. Shubiri moja na nusu ya pili ikachukua saa moja na nusu. Ya tatu, ya juu kabisa, ikachukua saa mbili na nusu. Chemchemi ni ile ile, haikupungua wala kuongezeka! Akainama, akaangalia kuta. Bwawa lilikuwa jembamba chini na pana juu, kama bakuli. Shubiri zilikuwa sawa, maji hayakuwa sawa.

Akahesabu kwa vidole, yeye asiyejua hesabu. Saa nne na nusu kwa watu watatu ni saa moja na nusu kila mmoja. Mbonea amepata yake kamili. Yeye, anayeachiwa ya chini, amepata nusu saa tu. Saa nzima ya maji yake, kila bwawa, ilikuwa inakwenda kwa mdogo wake. Akakaa chini akalia.

Elisante aliporudi, dada yake alikuwa mlangoni, na Mbonea kaitwa.

"Elisante, ulijua?"

"Dada, tulikubaliana shubiri. Fimbo imedanganya?"

"Sikuulizi habari za fimbo. Ulikaa pale na saa siku nzima. Ulijua?"

Elisante akatazama viatu vyake. Nakiete akamgeukia Mbonea. "Na wewe uliyelichimba?"

"Mimi nimekula haki yangu tu, jirani. Sikutaka kuingilia mambo ya ndugu."

"Ukaniacha nabeba samadi!"

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na chemchemi ikatoa bwawa moja tu la mwisho. Likigawanywa kwa haki, saa moja na nusu kwa kila mmoja, mashamba ya wanaume yanapona, la Nakiete linakufa, maana limeshadhoofika. Akipewa lote, hatavuna, ila ataokoa mbegu. Na wale wawili watapoteza mavuno. Akikosa mbegu, mwakani atakuwa kibarua akilima shamba la mdogo wake.

Mbonea akasema, "Mimi sijaiba. Kwa nini nife na mwizi?"

Elisante akasema, "Dada, nakiri nimekosa. Lakini tugawane sawa safari hii, kwa saa. Nikivuna nitakupa mbegu, naapa."

Nakiete akacheka kicheko kibaya. "Nilikubeba mgongoni, Elisante. Neno lako ndilo lililonikausha, leo unanipa tena neno?"

Wakamwita mzee wa mfereji, yule msimamizi wa zamu za maji, aamue, naye akasema kichwa kinamuuma, akaenda zake. Kwa hiyo nawaachia ninyi. Msiniambie wasameheane, kusameheana hakumwagilii shamba. Yuko aliyeiba, yuko aliyenyamaza, na yuko aliyeibiwa, na bila mmoja wao bwawa hili lisingekuwapo. Maji ni hayo, na jua linayanywa huku mnanitazama. Ungekuwa wewe, ungemfungulia nani?