Mguu wa Bi Nakijwa na Mafundi Watatu wa Ekseli

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, palikuwa na gereji mjini Same ya kuinua magari ya porini yakae juu zaidi ya ardhi, na ndani yake mafundi watatu waliojiona wao ndio waliovumbua chuma. Mwenye gereji alikuwa Bi Nakijwa, mjane, aliyewavumilia kwa sababu marehemu mumewe aliwaacha humo pamoja na vyuma vingine.

Mkwizu alisema gari ni ekseli ya mbele iliyo nzima, chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, juu ya springi za bapa, ngumu. Senkondo alisema ekseli nzima sawa, lakini juu ya springi za koili, zile za kujiviringisha, ndefu, ili tairi moja lipande na lingine lishuke. Elieshi aliwacheka wote wawili: kila tairi la mbele liwe na mkono wake wa chuma, lijitegemee, abiria asinzie. Kila mmoja alijitengenezea gari lake, na kila mmoja alitema mate akipita kando ya gari la mwenzake. Wateja walikuja kutaka ushauri, wakaondoka na maumivu ya kichwa.

Siku moja Bi Nakijwa alipanda milimani na Mkwizu kuchukua tangawizi yake. Mvua ikanyesha, akateleza shambani, akavunjika paja, na mguu ukaanza kuwa baridi kwa kukosa damu. Akawapigia simu wale wawili wa mjini, na kwa kuwa alijua bure hawatatoka, alisema, Mkwizu naye akisikia, "Atakayenifikisha hospitali nikiwa bado na mguu wangu, gereji ni yake."

Mkwizu akampakia garini, akateremka kwenye mawe. Springi hazikuvunjika, ekseli haikupinda. Aliyepinda ni Bi Nakijwa. Kila jiwe lilimwingia mfupani.

"Punguza mwendo, mwanangu."

"Vumilia, Mama. Sikia chuma kinavyofanya kazi."

Bi Nakijwa alitamani kumzaba kofi, lakini mkono haukufika.

Chini ya mlima palikuwa na tope la mashimo. Zile springi ngumu zikagoma kujikunja. Tairi moja likaning'inia, lingine likazama, na Mkwizu akabaki anarusha tope. Senkondo akaja kutoka ng'ambo ya tope, gari likiyumba kama ngamia lakini matairi yote yakikanyaga chini. Akamchukua Bi Nakijwa, akavuka naye kurudi. Walipofika barabara ya changarawe, lile gari lililoinuliwa kupita kiasi likaanza kutetemeka mbele, na kila akikanyaga mafuta, usukani unataka kumtoka mikononi, ikabidi atambae.

"Ni kawaida, Mama."

"Kawaida ya nani?" aliuliza Bi Nakijwa. Vidole vya mguu vilikuwa vimekufa ganzi, na aliogopa sana.

Elieshi alikuwa kando ya barabara hiyohiyo, msafi, anatafuna mahindi ya kuchoma. Tope hakulisogelea, alijua vyuma vya kuzungushia matairi yake ya mbele vingekatika. Alimpokea, akakimbia, na Bi Nakijwa hakulia tena hadi hospitali. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu, mguu ungekatwa. Akasema pia kwamba mfupa umetikiswa mno, kwa hiyo mguu utapona ukiwa mfupi kuliko mwenzake.

Alipozinduka baada ya upasuaji, aliwakuta watatu kando ya kitanda chake. Hakuna aliyemuuliza hali.

"Bila mimi ungefia mlimani, Mama," alisema Mkwizu.

"Na ukamfupisha mguu," alisema Senkondo. "Bila mimi mngekuwa topeni hadi leo."

"Ahadi ilikuwa kwa atakayemfikisha," alisema Elieshi. "Nani kamfikisha?"

"Mla mahindi," wakamjibu wale wawili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza walipokubaliana jambo.

Bi Nakijwa aliwatazama kwa dharau, na dharau ile haikumsaidia kitu. Gereji ndiyo iliyomlisha. Atakayeipata ndiye atakayemlisha yeye, na mguu wake mfupi, mpaka mwisho wa maisha yake. Na neno alilitoa kwa kinywa chake, wote wakalisikia.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msiniambie wagawane. Hao hawawezi kugawana hata chupa ya grisi. Mmoja alimtoa mlimani akamlemaza, mmoja alimvusha pasipovukika kisha akashindwa barabarani, mmoja alingoja mahali pazuri akaokoa mguu. Je, ufunguo wa gereji ampe nani?