Kitabu Kilichongoja Meno

Mtoto hangojwi aote meno tumboni. Vijana wa darasa la jioni, katika ukumbi wa kanisa, walimsikia mwalimu akimwambia hivyo mwenzao aliyekataa kusoma insha yake kwa kuwa eti haijakamilika. Mmoja wao alimcheka. Somo lilipokwisha wakamwendea Mzee Anyosisye, mtunza ukumbi, aliyekuwa akipanga viti.

"Babu, methali hiyo ni ya wapi?"

"Ya hapa hapa kwetu, wala si ya kale sana. Kaeni. Na wewe uliyemcheka mwenzako, kaa karibu zaidi."

Wakakaa, naye akawaeleza ilikotoka.

Hospitali ya huku milimani ilikuwa na mkunga aitwaye Subilaga, mkuu wa wodi ya wazazi. Watu wote walimwita Sista. Elimu aliipata kwa kuchelewa. Aliingia pale kama mfagiaji, akasoma masomo ya jioni, akafaulu mitihani yake wakati wanawe nao wakiwa shuleni. Kwa hiyo kila alichokijua alikithamini, na kila alichokosea kilimwuma mara mbili.

Sista aliona akina mama wengi wakiletwa wamechelewa. Miguu ya kuwaleta walikuwa nayo, ila hawakujua kwamba hatari imeanza. Akaomba, kisha akaanza kuwaandikia kitabu cha dalili za hatari, kwa Kiswahili cha nyumbani. Aliandika alfajiri baada ya sala, kabla ya zamu. Aliandika chai ya saa nne ikimpoea mkononi. Mara nyingine sentensi ilikatwa katikati na kilio cha mzazi, akaja kuimalizia siku ya pili akiwa amesahau alikokuwa anaelekea. Hata hivyo kitabu kikaisha, na mchapishaji wa mjini akakisoma, akakikubali.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Akakiomba kirudi ili arekebishe kidogo. Akakipeleka, akakiomba tena. Siku moja mchapishaji akampigia simu.

"Sista, hiki kitabu ni cha wasomaji au cha kabati?"

"Nivumilie, ndugu yangu. Sitaki madaktari waseme mfagiaji naye kaandika."

Miaka ikaenda. Kila alfajiri Sista aliomba, "Bwana, kikamilishe." Hakuwahi kuomba, "Bwana, kitoe."

Basi msimu mmoja wa mvua akaletwa mama kijana, Enesi, amelazwa juu ya machela ya mianzi. Uso ulikuwa umevimba, macho hayaoni, mwili unatetemeka kwa kifafa cha mimba. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Bibi Tupokigwe, kanga zimemlowa mpaka kiunoni.

Daktari akasema mtoto atolewe kwa upasuaji mara moja. Bibi akamshika Sista mkono.

"Sista, miezi haijatimia! Mtoto hajakomaa huyo."

"Bibi yangu, tukingoja akomae tutawakosa wote wawili. Tuachie."

Mtoto akatoka akiwa hai, mdogo kama kifaranga aliyenyeshewa. Mama yake hakuamka.

Baada ya maombi, Sista akaketi na Bibi kwenye benchi la nje ya wodi. Bibi alikuwa amempakata mtoto ndani ya kanga kavu aliyopewa na mgonjwa mwingine.

"Alilia kichwa tangu juzi," akasema. "Akasema anaona nyota mchana. Nikamwambia ni uchovu wa shamba. Kumbe ndiyo dalili yenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ninyi mnajua."

"Tunajua."

"Hayajaandikwa mahali tukasomewa?"

Sista angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Nimeyaandika mimi. Kitabu kizima."

"Kiko wapi?"

"Kabatini kwangu. Nilikuwa bado nakirekebisha."

Bibi hakupaza sauti. Alimfunua mtoto uso, akamgusa mdomo kwa kidole, na mtoto akafungua kinywa akitafuta ziwa.

"Tazama. Hana jino hata moja. Mbona huyu mmemtoa?"

Sista akautazama ule ufizi mtupu.

"Nilikusihi umngoje, ukanikatalia. Kumbe mtoto hangojwi aote meno tumboni. Hicho chako kilikuwa kinangoja nini?"

Sista akainamisha kichwa juu ya magoti, akalia mbele ya watu, yeye aliyezoea kuwafuta wengine machozi.

Enesi alipokwisha kuzikwa, Sista alitoa kitabu kabatini, akakipeleka mjini kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii hakukiomba kirudi. Kikachapwa. Kilitoka na kasoro zake. Picha mbili zilibadilishana mahali, na daktari mmoja kijana akazicheka kwa sauti hadi wauguzi wakamsikia. Iliuma. Lakini wenyeviti wa vijiji walikisoma mikutanoni, na wanakwaya wakakisoma baada ya ibada. Mvua zilipokaribia tena, mama mmoja wa kijiji cha juu alifika wodini kwa miguu yake, mumewe akimbebea mzigo.

"Sista, kichwa kinaniuma na naona nyota. Tulisomewa kanisani, nikasema sitalala hadi nifike."

Akatibiwa, akajifungua salama. Siku hiyo Sista alikwenda chumba cha mashuka, akapiga magoti, akataja jina la Enesi.

Kabla huyo mama hajaruhusiwa, Bibi Tupokigwe akaja na mjukuu mgongoni. Akamshusha, akamvuta mdomo wa chini kwa kidole. Kijino kimoja cheupe kilikuwa kimechomoza, chembamba kama punje ya mchele.

"Kimeotea huku huku nje, Sista."

Sista akafungua mkoba, akamwonyesha kitabu kilichochapwa upya. Zile picha mbili sasa zilikuwa mahali pake.

"Na changu vilevile, Bibi."

Hawakucheka. Walishikana mikono juu ya kichwa cha mtoto, wakaomba.

Hapo Mzee Anyosisye akamaliza. Yule kijana wa insha akafungua begi lake, akatoa karatasi zilizokunjwa, akasimama.

"Nisome, Babu?"

"Soma, mwanangu. Mtoto hangojwi aote meno tumboni."