Kishungi na Tonge la Kwanza

Hapo zamani, watu wa bonde la Mbungani walilima mpunga na kujisifu, na kujisifu walikujua zaidi kuliko kulima. Sogeeni karibu, leo koo langu si zima. Katika bonde hilo aliishi mwanamke aliyeitwa Siwatu, mrefu, mwenye shingo ya maringo, na hakwenda popote bila ndege wake.

Ndege huyo alikuwa korongo mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, na kwa ajili ya taji hilo Siwatu alimwita Kishungi. Alimwokota akiwa kinda katika majani ya mtoni, akamlea kwa panzi na kwa maneno matamu, na alipokua hakuruka kwenda zake. Alishinda shambani akila panzi na kuwatimua kwelea, vile vindege vidogo vyenye matumbo makubwa. Punje mbili tatu za mpunga alidonoa na yeye, nisimsingizie utakatifu. Lakini alikuwa akicheza! Makorongo hucheza, na Kishungi alicheza kuliko wote. Aliinama, akafungua mbawa, akaruka, akatua kwa mguu mmoja, na Siwatu akamwimbia:

*Kishungi inama, Kishungi inuka,*
*bonde ni lako, ruka.*

Watu wa mabonde mengine walikuja kutazama. Siwatu alijisikia kama aliyezaa mfalme.

Sasa shikeni desturi moja ya Mbungani, maana kesi yote imo humo. Mpunga ukishavunwa, kila nyumba ilileta konzi moja tu ya mchele mpya, ukapikwa katika chungu kimoja, ukapakuliwa katika sinia moja. Kisha bonde zima lilisimama na njaa yake, likingoja mtu mmoja amege tonge la kwanza. Mtu huyo alikuwa yule aliyefanya jambo kubwa kuliko wote mwaka huo. Akishameza, wengine walikula. Na jina lake liliimbwa ngomani mpaka mavuno mengine. Mama yake Siwatu alikufa akilitamani tonge hilo. Siwatu alilitamani zaidi ya mama yake, na hakumficha mtu.

Siwatu alikuwa na mume, Mbaruku, fundi wa kujenga madungu. Dungu ni ulingo wa miti unaosimama shambani, mtu hukaa juu yake akiwinga ndege wasile mpunga. Kule Mbungani madungu yalifungwa kwa kamba za magome mabichi, kwa kuwa gome bichi likikauka hukaza, na dungu likawa imara kama mwamba. Mwaka ule mpunga uliwahi kutoa masuke. Mbaruku alitaka dungu lake liwe la kwanza kusimama bondeni, watu waone. Hakwenda kuchuna magome mapya. Alifungua kamba kavu za mwaka uliopita, akafungia hizo, akapanda juu, akapiga kelele, "Mbungani! Nani mwingine yuko juu?"

Kamba zikakatika.

Mbaruku alianguka na miti yake, akavunjika muundi wa mguu wa kulia. Na chini ya dungu, kivulini, alikuwa amesimama Kishungi. Mti mmoja ulimpiga, naye akavunjika mguu wa kulia, pale pale chini ya goti.

Siwatu alikuja mbio kutoka upande wa pili wa shamba. Alimwona mume wake analia, akamwona ndege wake hata halii, amelala na mguu unaning'inia kwa ngozi. Majirani wakamwambia, "Mume ataungwa. Huyu ndege mchinje angali na pumzi, upate kitoweo cha kumuuguzia mume."

Siwatu akasema, "Hapana."

"Korongo haishi kwa kulala, mama. Akilala anakufa."

"Basi hatalala."

Wakamwita Bi Zuwena. Huyu alikuwa muunga mifupa, mwanamke mnene, mwenye mikono mipana na ulimi mkali, na yeye pia alikuwa na maringo yake. Alikuwa akisema, "Mikono hii imeunga ng'ombe na wenye ng'ombe." Na kazi yake ilikuwa na sharti. Kila alipomfunga mtu mguu, alivunja na mguu wa kuku mahali pale pale, akamfunga kwa vibanzi vile vile. Kuku huyo aliitwa mwenza. Siku mwenza aliposimama akatembea, ndiyo siku mgonjwa alifunguliwa. Mwenza akifa, Bi Zuwena hakuugusa tena mguu ule mpaka kaburini. Msinikunjie uso, si mimi niliyeiweka desturi hiyo.

Siwatu akampokea. "Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Kuku yuko wapi?"

Jirani akaja na kuku mkononi. Bi Zuwena akamtazama kuku, akamtazama Kishungi pale chini, akacheka kifuani.

"Mrudishe huyo akatage mayai yake. Mwenza wa bwana huyu amekwisha kuvunjika, na amevunjika mahali penyewe."

Watu wakashika vichwa. "Bibi, korongo! Mguu ule ni kama bua!"

"Ndiyo maana mmeniita mimi," akasema Bi Zuwena.

Basi Mbaruku pale alipolala akaelewa kwamba mguu wake sasa uko katika mguu wa ndege. Kishungi akifa, yeye hatafunguliwa na mtu. Akamtazama mke wake kwa hofu, na Siwatu akamshika mkono.

Bi Zuwena akamfunga Mbaruku kwa vibanzi vya mwanzi. Kishungi akamfunga kwa matete yaliyopasuliwa, membamba, ndani akatia sufi laini, na vidole vile vipana vikafanya kazi ya vidole vya msusi. Alipomaliza, jasho lilikuwa linamtiririka kidevuni. "Mfupa nimeuweka," akasema. "Asiulalie, wala asiukanyage kabla ya wakati. Wewe bwana vilevile. Ukisimama kabla mwenza wako hajasimama, usinitafute."

Ndege asilale wala asikanyage, mtamweka wapi? Siwatu aliingia ndani akatoa mbeleko aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Mbeleko hiyo ilikuwa bado haijabeba mtoto. Akatoboa matundu mawili kwa kisu, akapitisha miguu ya Kishungi, akamtundika kwenye boriti, vidole vikigusa ardhi kidogo tu, kama mtu anayejaribu maji kabla ya kuoga. Wanawake waliona mbeleko imetobolewa wakanong'ona, na Siwatu alisikia kila neno, akanyoosha shingo.

Tangu hapo akawa mtumwa wa wawili. Asubuhi alimwosha mume, akamwosha ndege. Alimlisha mume uji, akamlisha ndege panzi, mmoja mmoja, kwa mkono. Alimgeuza mume ubavu, akamsugua ndege mbawa zisigande. Na shamba? Shamba halikuwa na dungu, halikuwa na korongo, halikuwa na Siwatu. Kwelea wakalijua. Wakashuka asubuhi, wakashuka jioni, na majirani wakaja kumwambia, "Siwatu, mpunga wako unakwisha."

"Nasikia," akasema Siwatu. Alikuwa akisikia kweli, maana kelele za kwelea zilifika mpaka jikoni, na ziliuma.

Mfupa ukashika. Bi Zuwena akaja, akafungua matete, akaupapasa mguu wa Kishungi juu hadi chini, akakunja, akanyoosha, akatabasamu peke yake. "Njooni muone! Nyoosheni vidole mwonyeshe mahali palipovunjika!" Watu walitazama wasipaone. Akamshusha kutoka kwenye mbeleko.

Kishungi akaanguka.

Wakamsimamisha, akaukunja ule mguu tumboni na kuanguka tena. Wakamsimamisha tena, hataki kuukanyaga. Mguu ulikuwa mzima, lakini mwenyewe hakuwa na habari nao. Wakamrudisha kwenye mbeleko, na tangu siku hiyo akaanza kukataa panzi. Shingo ikalegea. Taji likapoteza mng'ao.

"Mfupa ulikuwa wangu, nimeuunga," akasema Bi Zuwena aliporudi kumtazama. "Kutembea si kwangu. Hajatembea, simfungui bwana." Akaondoka, lakini Siwatu aliona kwamba safari hii hatembei kwa maringo.

Mavuno yakaanza kwa wenye mpunga. Siwatu akaketi mlangoni, panzi mkononi, akalia kwa mara ya kwanza. Akasema, "Nimemfanyia kila kitu. Sina kingine."

Mbaruku alikuwa kitandani akimsikia. Kamba zile kavu zilikuwa zimemkaa rohoni muda wote, na hakuwahi kuzitaja. Akasema, "Siwatu, nipe mchi."

"Wa nini?"

"Nipe mchi wa kinu, mke wangu, usiniulize."

Akauegemea mchi, akainuka na vibanzi vyake mguuni, akachechemea mpaka mbele ya Kishungi.

"Mbaruku, Bi Zuwena amesema..."

"Nimesikia alichosema. Imba."

Siwatu hakuimba. Mbaruku akaanza mwenyewe, kwa sauti yake mbaya, *Kishungi inama*, akainama. *Kishungi inuka*, akainuka, akafungua mikono na mchi ukaanguka. Akaruka kwa mguu mzima, akatua. Kishungi akafungua jicho. Mbaruku akaruka tena, na safari hii akatua kwa mguu mbovu, mbele ya macho ya ndege, akaubana uso wote kwa maumivu, akakaa juu yake, hakuuondoa. Hapo Siwatu akaimba. Aliimba huku machozi yanamwingia mdomoni, akapiga makofi, na Kishungi ndani ya mbeleko akaanza kutikisa kichwa. Korongo akichezewa hawezi kunyamaza, hilo ni deni la mbari yake.

Siwatu akafungua mbeleko. Kishungi akaanguka. Mbaruku akainama. Kishungi akasimama kwa mguu mmoja, akainama. Mbaruku akaruka, akatua kwa mguu mbovu. Na Kishungi akafungua mbawa, akaruka, akatua kwa mguu uliovunjika, akakaa juu yake.

Kelele za Siwatu zilimfikia Bi Zuwena akipita njiani. Alipoingia uani alikuta mgonjwa wake anacheza na vibanzi vyake mguuni. Alimtukana Mbaruku matusi ambayo siyarudii hapa. Kisha akamwona Kishungi anatembea, akachukua kisu akakata kamba za mguu wa Mbaruku. Mguu wa Mbaruku ulikuwa umepinda. Aliusimamia mapema, ukabaki umepinda mpaka alipozikwa. Wa Kishungi ulikuwa umenyooka kama siku alipoumbwa.

Ikaja siku ya sinia. Kila nyumba ikaleta konzi yake. Siwatu alikwenda shambani kwake, akaokota suke moja huku, suke moja kule, akatwanga, na mavuno yake yote ya mwaka ule yakawa konzi moja. Akaja nayo, shingo juu, akaimimina yote chunguni, akapangusa viganja.

Wali ukapakuliwa. Bi Kidawa, mshika sinia, akasema, "Mwaka huu hakuna la kubishana. Jambo kubwa ni korongo huyu kusimama. Kishungi hali wali wa moto. Basi amege aliyemsimamisha. Apite mbele."

Wakapita watatu.

Bi Zuwena akasema, "Tonge ni langu. Mguu ulikuwa unaning'inia kwa ngozi, na hakuna muunga mifupa aliyewahi kuunga mguu wa korongo. Mbeleko haiungi mfupa, ngoma haiungi mfupa. Bila mikono hii mngecheza na maiti."

Mbaruku akasema, "Tonge ni langu. Mikono yako ilimaliza kazi na ndege akawa anakufa na mguu mzima. Alikosa wa kumwonyesha, nikamwonyesha. Kamba kavu ni zangu, sikatai, mbele ya Mbungani yote nasema ni zangu. Lakini nimelipa." Akaunyoosha mbele mguu wake uliopinda, watu wauone.

Siwatu akawatazama. Akaona mikono ile mipana iliyofunga matete membamba. Akaona mguu uliopinda wa mwanamume wake. Aliwaonea fahari wote wawili, fahari ya kumpasua kifua, na hakurudi nyuma hata unyayo mmoja.

"Tonge ni langu," akasema. "Ninyi majirani mlisema achinjwe, mimi nikasema hapana. Bi Zuwena, ungemuunga nani kama ningenyamaza? Mume wangu, ungemchezea nani kama asingepata wa kumlisha mpaka siku ile? Ninyi wawili mlimfanyia jambo kubwa mara moja. Mimi nilifanya jambo dogo kila kulipokucha, na kwelea wakala mwaka wangu. Konzi niliyotia humo chunguni sina nyingine nyumbani."

Bi Kidawa alisimama na sinia mikononi, mvuke unampanda usoni, akimtazama huyu, akimtazama yule. Katikati yao Kishungi alikuwa anatembea kwa madaha, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, kana kwamba ngoma ile yote ni ya kwake. Na ilikuwa ya kwake.

Haya, ninyi mliojaa hapa mkinisikiliza na kutikisa vichwa, mikono ya Bi Kidawa imechoka. Lishikeni sinia ninyi. Watu wamesimama na njaa, wali unapoa, tonge la kwanza ni moja na haligawanyiki. Aliyeunga mfupa, aliyetoa mguu wake, na aliyetoa mwaka wake: je, nani alistahili?